Behewa la Mwisho

Ugomvi wa koti ulianzia Makongeni, mlangoni kabisa, majirani wakisikia.

"Baba Nekesa, hilo koti la reli unalipeleka wapi? Suti tumekununulia ya nini?"

"Suti iko ndani ya begi, itavaliwa ukumbini. Koti ni la safari."

"Safari ya ndege!"

"Safari ni safari, Mama Nekesa."

Willis, jirani wa mlango wa pili, akatua ndoo yake ya maji ili acheke vizuri. "Niaje mzae! Ukifika Ujerumani usiwapulizie watu filimbi. Ndege haingoji bendera ya kijani."

Kila mtu alicheka, na Patrobas mwenyewe akacheka. Miaka thelathini na moja alikuwa gadi wa treni, yule mtu wa behewa la mwisho mwenye bendera na filimbi, na tangu astaafu alikuwa amezoea utani. Beldina peke yake hakucheka. Alimpenda mumewe, lakini hadithi za breki na mabehewa zilikuwa zimemchosha masikio, na safari hii hakutaka aibu.

Kesho yake, saa tisa alasiri, binti yao Nekesa alikuwa anahitimu katika chuo kimoja cha Ujerumani. Beldina alikuwa ameshona sare za shule kwa cherehani moja miaka yote ili mtoto huyo asome. Sasa mkobani mwake alikuwa na leso mpya. Siku yeye mwenyewe alipomaliza darasa la saba, mama yake alimfunga leso mabegani mbele ya kijiji kizima, na yeye alijiapiza kumfanyia Nekesa vivyo hivyo, mbele ya Wajerumani wote watakaokuwapo.

Lakini ndege ya pili ilichelewa. Walipotua, treni ambayo Nekesa aliwaandikia kwenye karatasi ilikuwa imeondoka zamani. Simu haikushika mtandao, na Nekesa alikwisha kuwaambia kwamba hangeweza kuja kuwapokea, kwa kuwa wahitimu walitakiwa ukumbini tangu asubuhi. Mama mmoja wa dawati la wageni akasoma ile karatasi, akawaonyesha kwa kidole jina la mji ule ule kwenye ubao: treni ya saa sita na dakika kumi. Ingefika saa nane na nusu. Beldina akashusha pumzi.

Patrobas, hata usingizi wa safari ulikuwa umemtoka. Alisimama ukingoni mwa jukwaa, mikono nyuma, akizitazama reli kama mtu anayetazama ng'ombe wazuri wa jirani.

"Ona vile wameunganisha, Mama Nekesa. Hakuna mahali pa gurudumu kugonga."

"Naona," alisema Beldina, ambaye hakuona kitu.

Treni ilipoingia, Beldina alielekea mlango wa karibu. Mumewe akampita na begi kubwa begani, akaenda, akaenda, mpaka mwisho.

"Hapa mbele pana nafasi!"

"Gadi hukaa nyuma."

"Wewe si gadi tena!"

Lakini miguu ya Patrobas haikuwa na habari hiyo. Wakakaa behewa la mwisho.

Baada ya saa moja hivi treni ilisimama katika stesheni kubwa. Sauti ya mwanamke ikasema maneno mengi ya Kijerumani kwenye spika. Abiria wawili watatu wakainuka, wakashuka na mizigo yao, wakaelekea mabehewa ya mbele. Beldina akatoa mkate, akaanza kuumega. Patrobas akainua kidole.

"Nyamaza kidogo."

"Nini?"

"Upepo wa breki."

Beldina akatega sikio. Mwanzoni hakusikia lolote. Kisha, mbali chini ya sakafu, kitu kikapumua, tsss, na kiti kikatikisika kidogo mno, kama mtoto anapogeuka usingizini.

"Wanaikata treni," alisema Patrobas. "Nusu ya mbele ndiyo inayoendelea na njia yetu, sisi wa nyuma tunapelekwa kwingine. Simama."

"Una hakika?"

Patrobas alimtazama, na Beldina akaona macho ambayo hakuwahi kuyaona katika ndoa yao yote. Yalikuwa macho ya mtu aliye kazini. Miaka thelathini na moja mume huyu alikuwa akienda kazini na kurudi, naye alimjua akila, akiugua, akiomba kanisani. Kazini hakuwahi kumwona, maana kazi ya gadi hufanyika mahali ambapo mke hafiki. Akasimama.

Patrobas akavuta begi mara moja. Lilikuwa limebanwa nyuma ya masanduku ya watu. Akaliacha.

"Begi, Baba Nekesa!"

"Begi halihitimu. Twende!"

Wakashuka, wakakimbia, Beldina ameukumbatia mkoba wenye leso. Milango ya nusu ya mbele ilikuwa inaanza kufungwa. Patrobas akainua mkono wa kulia juu kabisa, kiganja wazi, akaushikilia hivyo huku akikimbia. Mlangoni alikuwapo mwanamke mwenye kofia ya reli. Aliuona ule mkono. Akaliona koti, na vifungo vyake vya shaba. Akauweka mguu wake mlangoni, akangoja.

Walipoingia, yule mwanamke akagusa kofia yake. Patrobas naye akagusa paji la uso, maana kofia hakuwa nayo.

Treni ikaondoka. Dirishani Beldina aliliona behewa lao likibaki nyuma, na mkate wake, na begi lao.

"Suti," alisema.

"Suti," Patrobas aliitikia kwa unyonge.

Beldina akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi, kisha akamfunga mumewe kifungo cha juu kilichokuwa kimefunguka kwa zile mbio. Akakisugua kwa ncha ya kitambaa chake hadi kikang'aa.

Saa tisa na nusu jina la Nekesa Nalianya lilisomwa, likavunjwavunjwa kidogo, lakini likasikika. Aliposhuka jukwaani alimkuta mama yake amesimama chini ya ngazi, leso imekunjuliwa. Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Nekesa akachungulia juu ya bega la mama yake.

"Mama! Baba amekuja na koti la reli?"

"Mimi ndiye niliyemwambia alivae," alisema Beldina.

Jioni walirudi stesheni kwenda anakokaa Nekesa. Begi lilikuwa limepatikana mwisho wa ile njia nyingine, wangelifuata kesho. Nekesa akawaelekeza kwenye mlango wa katikati, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuupita, anaelekea behewa la mwisho.

"Mama, mabehewa ya mwisho mara nyingine hukatwa!"

"Yakikatwa," alisema Beldina, bila kugeuka, "baba yako atasikia."