Mshale Uko Wapi

...na sasa mshale umekwenda wapi tena, ulikuwa hapa hapa, amegeuka kidogo tu kuitazama simu na tayari umeshatoroka, akakisukuma kipanya kushoto, akakisukuma kulia, akakitikisa kama mtu anayekung'uta mchanga kwenye kiatu, hola, skrini nzima imemkodolea macho na mshale haupo, kompyuta gani hii isiyo na adabu, tangu binti yake aihamishie hapa mezani sebuleni imekuwa ikimfanyia visa yeye peke yake, wenzake wakiikalia inatulia kama maji mtungini, akiikalia yeye inageuka punda, yeye dereva wa basi la shule, mtu anayelirudisha nyuma basi zima kwenye kichochoro cha nyuma ya jiko la shule bila kukwaruza ukuta, leo anasumbuliwa na kamshale kama punje ya mchele... na simu aliyoiegemeza kwenye kikombe inaendelea kumwagia maelekezo ya yule kijana wa mtandaoni, maana lazima ni kijana, mtu mzima gani angeandika hivi, "ni rahisi mno, ndugu msomaji, hata bibi yako anaweza," bibi yangu mwache alikolala, wewe niambie hicho kisanduku kiko wapi, "juu, upande wa kulia, utaona kisanduku kilichoandikwa Onyesha vilivyofichwa, weka tiki," juu upande wa kulia hakuna kitu, ameshatazama hadi shingo imekakamaa, hakuna kisanduku, hakuna tiki, kuna weupe mtupu, labda ya kijana ni kompyuta ya aina nyingine, labda kijana mwenyewe ni mwongo, watu wanaandika chochote siku hizi... "Baba Profesa!" mke wake huyo, kutoka chumbani, anapiga pasi na kusema kwa wakati mmoja kama kawaida yake, "unanisikia lakini?" na yeye akaitika, "Nakusikia," ingawa alichokisikia ni vipande tu, pasi inapumua fyuu, neno moja linapita, fyuu, jingine linapotea, kuna "chumvi" na kuna "mimi na afya yangu" na kuna "nani kamwambia," na hapo akakibana kipanya zaidi, maana anajua fika ni nani kamwambia.

Jana alidhani amemaliza, aliingia pale kwenye historia kama binti alivyomfundisha, akafuta yote, kompyuta ikamwandikia Historia imefutwa, akasimama akajinyoosha kama mtu aliyelala vizuri, kumbe wapi, jioni Profesa, ndivyo wanavyomwita binti yao tangu alipokuwa anasahihisha vibao vya maduka njiani, akakaa kutafuta picha za madaraja kwa ajili ya masomo yake ya uhandisi, akaandika herufi ya kwanza tu, p, na kompyuta ikajitia kiherehere ikatema "presha" kabla hata hajaomba, "Baba, nani humu ndani ana presha?" na yeye akaruka kutoka kwenye kochi akaifunika ile kompyuta kama mtu anayefunika sufuria isimwagike, neno la pili na la tatu yasionekane, na katika kuhangaika ulimi ukamteleza, "Mama yako," mama yake! mwanamke anayebeba ndoo mbili kutoka bombani huku akibishana na jirani, na binti kwa mapenzi yake akaenda moja kwa moja jikoni akaificha chumvi, mchana huu wamekula chakula hakina ladha yoyote, mke anatafuna, anamtazama binti, binti anamtazama baba, baba anatazama sahani... laiti angesema ni ya jirani, ya dereva mwenzake, ya mtu yeyote wa mbali, lakini si presha ya damu hata hiyo, ni presha ya macho, ndiyo maneno yaliyofuata, presha ya macho, na baada yake "dereva," na huo mkia ndio ambao lazima aufute leo kabla maji hayajafungwa bafuni, maana Profesa anaoga na alisema wazi, "Nikitoka naitaka kompyuta, baba, nina kazi ya kumalizia," na kijana wa mtandaoni anasema ukifuta historia bado yapo mafaili yaliyofichwa, kompyuta inayaweka pembeni, inakumbuka kimya kimya, sasa nani kaiambia ikumbuke, mtu akifuta amefuta, ina nini nami hii... mshale, ule, uko ukingoni huku, umefikaje huko, akaukamata, twende taratibu, juu, kulia, hakuna, hakuna kisanduku!

"Na hii kola imechakaa," sauti ya chumbani, "mwambie mkuu wako awape..." fyuu, "...Jumatatu," na yeye "Mm," Jumatatu, ndiyo, Jumatatu atawapakia tena, watoto na mikoba yao mikubwa kuliko migongo, na matroni wa basi atasimama mlangoni akiwahesabu kwa kuwagusa vichwa, yule mama mnene mcheshi ambaye tangu Alhamisi hacheki naye sawasawa, au ni wasiwasi wake tu, Alhamisi pale kwenye kivuko matroni alipiga ukelele "Simama! Simama wewe!" na mguu ukakanyaga breki kabla akili haijauliza, na mbele ya bampa, karibu mno, kukawa na mwendesha baiskeli na godoro la rangi ya machungwa alilolifunga nyuma, godoro, jamani, godoro la kulalia watu wawili, jipya, bado liko ndani ya nailoni linang'aa juani, linatoka kushoto polepole kama harusi, na yeye hakuliona, si kwamba alichelewa kuliona, hakuliona, barabara ilikuwa tupu na halafu godoro likawepo, watoto wakashangilia wakidhani ni mchezo, rudia tena, rudia tena, isipokuwa yule wa kiti cha mbele, yule wanayemwita Kibogoyo kwa sababu ya meno yaliyong'oka, aliyejigonga mdomo kwenye bomba la kiti, damu ikamchirizika hadi kwenye sweta, na mama yake alipompokea getini yeye akasema, "Mbwa alikatiza, mama, samahani sana," na Kibogoyo na mdomo wake uliovimba akamtazama akasema, "Mimi sikumwona huyo mbwa," bila ubaya wowote, kama mtu anayesikitika kukosa kitu kizuri... matroni alikuwa pale pale, akatazama chini, akafunga mlango wa basi, laiti angemgombeza jamani, yeye angekuwa na kitu cha kumjibu.

Na yule daktari wa macho naye, aliyemwendea baada ya godoro lile, binti mdogo, sauti laini, alimwingiza kichwa kwenye bakuli jeupe la mashine ya kupimia macho akampa kitufe mkononi, "Ukiona taa, baba, bonyeza," akakaa, akangoja, ikaja taa akabonyeza, akangoja tena, akangoja, akasema moyoni mashine ya watu imeharibika, akataka hata kumwambia, halafu akamsikia, "Tayari, tumemaliza," "Mbona hazijawaka?" akauliza, na daktari akavuta kiti karibu, "Zilikuwa zinawaka, baba. Muda wote," na akaeleza, tena kwa heshima, kwamba kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kwamba ugonjwa huu unakula kingo kwanza, ndiyo maana katikati anasoma vizuri kabisa hadi maandishi madogo ya kwenye kichupa cha dawa, "Ukitafuta kitu geuza kichwa kizima, siyo macho tu," na mwisho, "Unafanya kazi gani?" na yeye, dereva wa watoto wa watu, akasema, "Bustani. Natunza bustani," lilimtoka wapi hilo hajui, chupa ya matone anaificha nyuma ya tangi la choo, anajiwekea akiwa amefunga mlango, mke anadhani tumbo linamsumbua... na usiku ule alianza kuiuliza kompyuta... geuza kichwa kizima, kwani alifanya hivyo, hakufanya, anazungusha macho tu kama kuku, haya, tugeuze basi, akageuza kichwa chote, shingo na bega, kama anayetazama kioo cha pembeni, na kisanduku hicho hapo.

Hicho hapo, si kidogo hata, kikubwa, na maandishi ya buluu, Onyesha vilivyofichwa, kilikuwa pale tangu mwanzo, kijana wa mtandaoni hakusema uongo hata neno moja na yeye amemwita mwongo, akaweka tiki kwa hasira, hasira ya nini tena wakati amekipata, na folda zikajitokeza moja moja zimepauka, akaifungua ile aliyoitaja kijana, akaona faili, akalifungua kuhakikisha ndilo, na katikati ya takataka za herufi na namba yakatokea maneno yake mwenyewe, kama alivyoyaandika usiku, "presha ya macho dereva anaweza kuendelea," "kupita kipimo cha macho leseni bila kujulikana," "kukariri herufi za ubao wa macho," "jinsi ya kukariri," tena na tena, akashuka chini, akashuka, anatafuta mahali alipouliza kama inatibika, lazima aliuliza, mtu yeyote angeanza na hilo, anatafuta mahali alipouliza je nikimgonga mtoto, hakuna, amegeuza kichwa kushoto na kulia na hakuna, yote ni jinsi ya kutojulikana, na aliyeandika haya ni nani, si yeye aliyekuwa akiwatania watoto wafunge mikanda, akaufunga ule ukurasa haraka, akabonyeza Futa, na kompyuta kwa upole wa kuudhi ikauliza, Una uhakika unataka kufuta kabisa? Ndiyo. Hapana. Mshale safari hii umetulia juu ya Ndiyo wala hautoroki, kidole kiko tayari, bonyeza basi, bonyeza mzee, bafuni maji bado yanamwagika, Profesa anaimba, nafasi ipo... na godoro lile lingekuwa mtoto, mtoto hang'ai, mtoto hafungwi nailoni, mtoto hatoki polepole... atakariri herufi za ubao, sawa, atapita, halafu kivuko atakikariri vipi, nani anakariri watoto, na matroni siku akiumwa, siku akigeuka nyuma kumfuta mmoja makamasi... bonyeza... akagundua pasi haipumui, tangu saa ngapi haipumui, chumbani kimya.

"Mke wangu?" akaita kwa nguvu kuelekea mlango wa chumbani.

"Mbona unapiga kelele," sauti ikamjibia hapa hapa, kando ya bega lake la kushoto, karibu kabisa, hadi akashtuka na kikombe kikayumba, "niko hapa."

"Umekuja lini?"

"Tangu unakitukana hicho kidude. Nimekuja kukuuliza presha mmenipa lini wewe na mwanao. Nimekupungia mkono, nimekusemesha kwa ishara mwanao asisikie, wewe macho mbele tu." Sauti ikashuka, haikuwa tena ya ugomvi. "Baba Profesa, hujaniona?"

Swali la kompyuta bado liko pale katikati, Ndiyo, Hapana, maji bado yanamwagika bafuni, na yeye akautoa mkono kwenye kipanya akaulaza juu ya meza, akageuza kichwa kizima, shingo na bega, mpaka uso wa mke wake ukaingia.

"Sijakuona," akasema. "Upande huo sioni, mama. Sioni kabisa."