Imelala

Kaka yangu alihesabu majani ya migunga ya kituo chetu cha utafiti kwa miaka kumi na tisa. Kila Ijumaa alizunguka na daftari, akaandika mti upi umechipua na upi umepukutisha. Mvua zilipoanza mwaka huu, akafariki. Kiti chake akapewa bwana mmoja mpole, msomi, aliyezoea miti inayochanua majani wakati wa mvua. Mgunga ni mkaidi. Mvua ikinyesha unabaki uchi, kiangazi ndipo unapovaa.

Sikumpenda. Kosa lake lilikuwa kukalia kile kiti tu.

Wiki ile ile alikuja maabara na daftari la kaka. "Dada, maneno mengine humu siyaelewi. Nisaidie kidogo."

Nilikuwa naosha chupa, sikugeuka. "Si Kiswahili hicho, mkuu? Soma."

Akaenda kusoma. Ukurasa wa mwisho kaka aliandika: "Namba saba hadi kumi na tano, imelala." Bwana yule akaenda kuitazama, akakuta matawi matupu mvua ikinyesha. Akadhani kaka, kwa staha zake, aliona haya kuandika imekufa. Akaita watu wa msumeno kabla matawi hayajamwangukia mtu.

Niliusikia msumeno nikiwa maabara. Nilikimbia na koti langu jeupe, lakini namba saba ulikuwa chini tayari.

"Simamisha!" nilimfokea fundi. Nikachimba penye kisiki kwa jembe lao, nikakata kipande cha mzizi, nikarudi nacho maabara. Mkuu akanifuata. Nilidondoshea iodini kwenye nyama nyeupe ya mzizi, ikageuka nyeusi tititi.

"Wanga," nilisema. "Kiangazi chote majani yalikuwa yanapika chakula kwa jua na kukiteremsha huku chini. Mti ulikuwa umeshiba, umepumzika. Kulala ndiko huko."

Akatoka kuwarudisha mafundi kwao. Minane ikapona. Nilimngoja mlangoni na hasira zangu zote, nimeshapanga la kumwambia, kwamba kwa siku moja ameua kazi ya marehemu ya miaka kumi na tisa.

Alirudi amelowa chapachapa. Alikiangalia kile kipande cheusi.

"Nilikuuliza, dada," alisema taratibu.

Laiti angenifokea.