Nyongeza Ndani ya Pakiti

Mjukuu wangu Mwanvita alianza biashara kwenye meza ya jikoni, hapa Kihonda, akiwa na simu, mizani ndogo ya betri na viungo vya shambani kwangu Kinole, kule milimani. Alikuwa amemaliza chuo pale Mzumbe, akazungusha vyeti mwaka mzima, ajira hakuna. Shangazi yake wa Dar akamwita akauze dukani kwake.

"Nipeni mpaka Ramadhani iandame," Mwanvita alisema. "Nikipata mteja mmoja wa kudumu, sitoki hapa. Nikimkosa, nakwenda."

Akapanga nguo kwenye begi jekundu, akaliweka nyuma ya mlango. Kila nikipita nililiona, na moyo ulishuka.

Lakini kazi aliifanya! Alipika pilau mara saba, akionja na kuandika, mpaka akapata kipimo cha masala yake: pakiti moja kwa kilo moja ya mchele, usiongeze, usipunguze. Pakiti akazipiga picha pale dirishani, akaziweka mtandaoni. Watu walipouliza swali lile lile mara kumi, alijibu mara kumi kwa adabu. Akihisi tu kwamba anayeandika ni mtu mzima, alianza na shikamoo.

"Mke mwenzangu," nilimtania, "unazungumza na watu usiowaona. Sisi hao tuliwaita majini."

"Majini hawa wanapika, Bibi. Funga pakiti."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Yeye alipima, mimi nilifunga mdomo wa pakiti kwa moto wa mshumaa. Sasa, mimi nimeuza sokoni miaka arobaini. Kwetu milimani mteja haondoki na kipimo kitupu. Ukishajaza kopo unamtilia na konzi moja juu, la sivyo atawaambia wenzake mkono wako mgumu. Zile pakiti niliziona zina aibu. Basi Mwanvita akienda kuswali, mimi natia kidogo cha karafuu ya kusaga na pilipili manga, ndipo nafunga.

Mteja mkubwa alikuwa Mama Agnes, mpishi wa shughuli kule Dodoma. Alichukua pakiti ishirini za kujaribu, akasema akiridhika atachukua kila mwezi. Zilikuwa zimebaki siku tisa Ramadhani iandame. Mzigo ukaenda kwa basi. Jumapili jioni sauti yake ikaingia kwenye simu, tukaisikiliza wote wawili.

"Binti, hili ni pilau au dawa ya jino? Nimepikia shughuli ya kipaimara, wageni wamekaa na ganzi midomoni. Na kipimo chako nimekifuata!"

Mwanvita alichukua pakiti zilizobaki kapuni, akaziweka kwenye mizani, moja moja. Zote zilizidi. Akafungua moja, akanusa. Kisha akanitazama, nami nikatazama mshumaa wangu.

Akatoka uani kupiga simu. Nilimsikia dirishani.

"Shikamoo mama. Umepika sawa, kosa ni langu. Karafuu imezidi. Kesho nakutumia pakiti nyingine, hizo hulipii. Pole sana kwa wageni wako."

Hakunitaja. Nimelea watoto sita na wajukuu sijui wangapi, na sikumbuki aliyewahi kunibebea aibu yangu namna ile. Aliporudi ndani akaniuliza tu, "Bibi, umekunywa chai?"

Angenigombeza ingekuwa nafuu.

"Lete hiyo simu," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nizungumze na jini wako."

"Bibi, yameisha hayo."

"Hayajaisha. Begi lile pale."

Akanionyesha pa kubonyeza. Nikasema, "Mama Agnes, mimi naitwa Chausiku, bibi yake huyu binti. Yeye alipima sawa. Mimi ndiye niliyeongeza. Kwetu Uluguruni anayenunua hupewa nyongeza, nikaona haya kukufungia kipimo kitupu. Usimwache mtoto kwa ajili ya mkono wangu."

Jibu lilikuja kesho yake, na nyuma yake masufuria yakigongana. "Shikamoo Bibi. Marehemu mama yangu aliuza karanga sokoni, naye alikuwa hivyo hivyo." Akacheka. "Lakini bado sijasema ndiyo. Nitazipika hizo mpya kwanza."

Pakiti mpya zikaenda, nasi tukasubiri siku nne. Mwanvita hakuligusa begi, hakulitaja. Alipima, akafunga mwenyewe, akapima tena. Mimi nilichambua iliki, mikono nimeiweka panapoonekana.

Siku ya tano, Ramadhani bado haijaandama, Mama Agnes akapiga. "Hili sasa ndilo pilau. Nitumie thelathini, na kila mwezi iwe hivyo. Ila muulize Bibi, nyongeza yangu iko wapi?"

Siku hizi nyongeza ipo, ila inakaa nje ya pakiti. Ni kipande cha mdalasini, nakifunga kwa uzi wa mgomba, na Mwanvita anaandika kikaratasi: *Hii ya Bibi. Ni ya chai, usitie kwenye pilau.*

Nguo zake zimerudi kabatini. Lile begi jekundu ndilo analobebea mizigo kwenda stendi ya Msamvu. Asubuhi likitoka mlangoni limejaa, mimi ndiye ninayelisindikiza mpaka barabarani.