Dirisha la Kaskazini

"Pua ipite vidole, Mama. Haya. Moja, mbili..."

Kwenye tatu Mama Varsha aliinuka, akasimama kwa mguu wake mmoja mzima na ule mwingine wa kusindikiza, akageuzwa, akaketi kwenye kiti cha magurudumu bila kishindo. Elinaja alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ya kuhudumia wazee London, na bado kumketisha mtu bila kishindo kulimfurahisha kama chapati iliyovimba yenyewe. Alimfunika miguu kwa shali, akamsukuma hadi mahali pake pa siku zote: dirisha la chumba cha nyuma, linalotazama mapipa ya taka na ua wa jirani.

Mama Varsha alitazama nje. Kisha akauliza lile swali lake la kila asubuhi.

"Umetoka?"

"Nimetoka, Mama. Nimetoka Kilburn," Elinaja akajibu, kama alivyojibu kwa miezi minane. "Basi limechelewa, lakini nimetoka salama."

Mama Varsha alimwangalia vile mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi mzito, akarudisha macho dirishani.

Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono na mguu wa kulia, na lugha mbili juu yake. Kiingereza kilikwenda chote, ingawa alikisema karibu nusu karne akiuza magazeti na maziwa hapo hapo mtaani kwao, Neasden. Kigujarati kilibaki vipande vipande. Kilichorudi, watu wote wakashangaa, ni Kiswahili cha Moshi, alikozaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na alikoondoka bintiye Kalpana alipokuwa na miaka minne. Ndiyo maana familia iliomba mhudumu anayejua Kiswahili, na wakala akamleta Elinaja, Mpare wa Usangi, mwenye mwili mdogo na mabega ya mpasua kuni.

Maneno yaliyorudi hayakuwa mengi. Chai. Maji. Baridi. Hapana, hili alilitumia sana. Na "Umetoka?" ya kila asubuhi. Kubwa zaidi lilikuwa suala la dirisha. Sebule ya mbele ilikuwa na jua, televisheni na maua, lakini ukimweka huko alipiga kiti kwa mkono wake mzima mpaka arudishwe nyuma, kwenye baridi na mapipa. Kalpana alikwisha kukata tamaa. Alisema mama yake ameanza kupenda takataka.

Jumapili hiyo ya Novemba familia ilirudi kutoka hekaluni mapema, maana palikuwa na jambo la kuamua. Elinaja alisikia viatu vikivuliwa mlangoni, kisha Kalpana akaingia chumba cha nyuma, kijitabu cha picha mkononi, uso wake umechoka hata kabla ya mchana.

"Elinaja-ben," alisema. Ndivyo alivyomwita, dada, kwa desturi ya kwao, ingawa mengine yote walizungumza kwa Kiingereza. "Leo tunachagua mahali pa kwenda kuteleza thelujini. Mwezi wa kwanza, wiki moja. Sunil anasema nafasi zinaisha."

"Ni vizuri, Mama Nishma. Mpumzike."

"Ba itabidi akae kwa muda kwenye nyumba ya wazee. Ile nyumba ya Machi." Kalpana hakumtazama mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba. "Mimi siwezi kumwambia, Kiswahili nilikiacha Moshi. Lakini wewe anakusikia. Mwambie, tafadhali. Polepole."

Elinaja aliikumbuka Machi. Nyumba ile ilikuwa safi, wahudumu wake wapole, hakuna aliyekosa. Lakini Mama Varsha alikaa siku nne amegeuzia watu kisogo, hali, hasemi, na aliporudi nyumbani ilichukua wiki tatu neno "chai" kurudi. Daktari alikuwa amesema maneno yanayoondoka mara ya pili huenda yasirudi tena. Kalpana alilijua hilo. Alijua vilevile kwamba tangu kiharusi kile hakuwa amelala usiku mmoja mzima.

"Sawa," Elinaja akasema. "Niachie hicho kijitabu."

Moyo ulimuuma, asidanganye mtu. Kazi yake ilikuwa kumnyanyua mama huyu, siyo kumshusha. Alivuta kigoda, akakaa chini kidogo ya macho yake kama anavyokaa mtu mwenye habari mbaya, akafungua picha ili mikono ipate cha kufanya.

"Mama, watoto wanataka kusafiri kidogo. Wanakwenda kucheza kwenye theluji. Ona, huyu anateleza. Hawa wanakunywa kitu cha moto. Wewe nawe utapumzika mahali..."

Akafungua ukurasa mwingine. Palikuwa na mlima peke yake, kichwa cheupe kipana, anga la buluu, hakuna mtu.

Mkono wa kushoto wa Mama Varsha ulishuka juu ya picha, pah!

"Umetoka!"

Safari hii hakuuliza. Alikuwa anatangaza. Kidole kilikuwa juu ya kilele, na uso wake ulikuwa umefunguka upande ule unaoweza kufunguka. "Umetoka," akarudia. "Umetoka wote!"

Elinaja alibaki ameshika kijitabu. Kiswahili kina ujanja wake: wewe umetoka, na mlima nao umetoka, neno ni lile lile. Miezi minane mama huyu alikuwa akiulizia mlima, na yeye akimpa taarifa za basi la Kilburn.

Akiwa msichana alisoma Moshi miaka miwili, na hapo kigodani ikamrudia asubuhi ya mabweni: wasichana wenye miswaki mdomoni wanageuka kaskazini, wanatazama juu, na mmoja anasema, "Leo umetoka." Kama mawingu yamefunika, wanasema, "Bado." Hakuna aliyetaja jina la mlima, maana nani angeuliza ni upi? Alitazama dirisha. Mapipa, ua, anga la kijivu. Kaskazini. Sebule ya mbele yenye jua na maua ilitazama kusini, na kusini hapakuwahi kuwa na kitu.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Nisamehe, Mama. Mimi ndiye mgonjwa wa maneno."

Huko Tanzania wana utani kwamba Mpare huuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Elinaja aliuchukia utani huo, lakini aliposimama na kukaza kanga yake juu ya sare ya kazi, alikuwa tayari kuuza ng'ombe.

Sebuleni, Sunil, mume wa Kalpana, alikuwa ameunganisha kompyuta na televisheni. Alikuwa ametengeneza jedwali: hoteli tatu, Ufaransa, Uswisi na Austria, na safu za kina cha theluji, urefu wa miteremko, na muda kutoka uwanja wa ndege. Ya Ufaransa ilikuwa inaongoza. Nishma, binti yao wa miaka ishirini na mbili, alikuwa amelala chini zuliani, miguu juu ya kochi, akiipigia debe.

"Umemwambia?" Kalpana akauliza.

"Sijamwambia. Amenieleza yeye."

Akawaeleza. Neno, mlima, dirisha. Hakupamba. Alipofika kwenye dirisha Kalpana aliketi, mkono mdomoni. "Nyuma ya duka kulikuwa na ngazi," alisema polepole. "Ba alikuwa ananibeba asubuhi, ananionyesha kitu juu. Nilidhani nimeota." Akalia, kidogo tu, akajifuta kwa ncha ya skafu. Kisha akakasirika, na hilo nalo lilikuwa haki yake. "Sasa unataka nifanye nini? Nimchukue? Nani atamwinua usiku? Nani atamwogesha? Mimi nitapumzika lini, Elinaja-ben? Niambie. Lini?"

Nishma alishusha miguu kutoka kwenye kochi.

"Hutamwinua wewe," Elinaja akasema. "Asubuhi ni ya Baba Nishma. Jioni ni ya Nishma. Wewe utalala."

"Wao hawajui."

"Hata mimi sikuzaliwa najua."

"Twende wote, basi. Wewe uje."

Elinaja akatikisa kichwa. Viza ya huko foleni yake haiishi leo, na alikuwa na wazee wengine wawili wanaomngoja, mmoja Kilburn, mmoja karibu na Edgware Road. "Mimi sina nafasi. Lakini kuna wiki tisa. Naweza kuwafundisha."

Sunil alikohoa. Alikuwa mtu wa vipimo, na jambo lisilo na safu lilimsumbua. Alisema kwa upole kwamba mlima mzuri kuliko yote ulikuwa ule wa Ufaransa, chumba nacho kilionekana kizuri.

"Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake," Elinaja akasema. "Baba Nishma, naomba uongeze safu."

Ndipo ikaanza kesi yenyewe. Mlango wa chumba una upana gani? Kiti kile kilikuwa sentimita sitini na nne, na vidole vya msukumaji vinahitaji nafasi yao. Bafuni kuna kizingiti, au maji yanatiririka sakafuni sawa? Kitanda kina kimo gani? Kikiwa chini ya goti lake hatainuka hata mkimwimbia. Sunil alipiga simu hoteli moja baada ya nyingine, akauliza, akaandika. Ufaransa walikuwa na ngazi tatu za mawe mlangoni, nzuri sana kwa picha. Uswisi walikuwa na lifti, lakini bafu lao ni beseni refu la kupanda. Austria walikuwa na chumba cha chini, sakafu sawa, kitanda cha kupandisha na kushusha, na gari la kuning'inia kwenye kamba, linalobeba hata kiti cha magurudumu mpaka juu mlimani.

"Waulize dirisha la chumba linatazama wapi," Elinaja akasema.

Sunil akauliza. Akasikiliza. Akaziba simu kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza akamtazama mhudumu huyu kama mtu anayejua jambo.

"Kaskazini," akasema. "Mlimani. Wanaomba radhi, hakipati jua."

Austria ilikuwa ya mwisho kwenye jedwali. Miteremko yake ilikuwa mifupi, ya watoto na waoga. Wote wakamgeukia Nishma, aliyeingojea Ufaransa tangu kiangazi. Nishma alitazama picha kwenye televisheni, akavuta pumzi ndefu, akasema kwamba isiwe taabu, huko Ufaransa yeye alikwisha kuanguka vya kutosha.

Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi asubuhi, nyumba ile iligeuka chuo. Daktari aliruhusu safari kwa masharti, na Elinaja akayabandika kwenye friji. Alimkalisha Sunil kitandani, akamwinua yeye kwanza, ili ajue woga wa kunyanyuliwa na mtu asiye makini. Breki zote mbili kabla ya chochote. Usimvute mkono, mpe bega. Mwinamishe mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, mwili utajinyanyua wenyewe. Nishma alijifunza haraka na kwa kelele. Kalpana alikatazwa kusaidia. Wiki ya nne alisinzia kochini saa tatu za asubuhi, na Mama Varsha akaketishwa na mjukuu wake bila kishindo.

"Na maneno mawili," Elinaja alimwambia Nishma siku ya mwisho. "Akiuliza, usijibu haraka. Tazama dirishani kwanza. Kuna wingu, sema 'Bado'. Hakuna wingu, sema 'Umetoka'. Usimdanganye hata mara moja."

"Bado. Umetoka," Nishma akarudia, kwa ulimi wa Neasden.

Waliondoka Jumamosi. Jumapili ujumbe ulikuja: ukungu. Jumatatu: ukungu, theluji inaanguka, Ba amekula nusu ya mkate. Jumanne Nishma alipiga simu ya video, na Elinaja akauona mgongo wa kiti, kichwa cheupe, na dirisha kubwa lisilo na kitu ndani yake ila weupe.

"Umetoka?" sauti ya Mama Varsha ikauliza.

"Bado, Ba," Nishma akasema. Sauti ilikuwa imechoka. Alikuwa amesema hivyo siku tatu.

Jumatano Mama Varsha hakuuliza. Usiku ule Elinaja alikosa usingizi, akijilaumu. Nani alimtuma? Amemtoa mtu kwenye kitanda chake akamtupa katikati ya mawingu ya watu. Kama maneno yatapotea huko, lawama ni zake. Alhamisi aliamka na kichwa kizito, akamwosha mzee wake wa Edgware Road, akamkatia kucha, akapanda basi la kurudi, akakaa ghorofa ya juu. Lilipokuwa linapita Maida Vale simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti, sekunde kumi na tisa, hakuna picha.

Aliiweka sikioni. Kwanza magurudumu. Kisha breki, klik, na ya pili, klik. Akashusha pumzi. Kisha upepo kidogo, na Nishma akizungumza karibu sana, taratibu, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa.

"Ba. Umetoka."

Elinaja akabana simu. Abiria wa mbele alikuwa anakohoa.

Kisha ikaja sauti ya Mama Varsha, kavu, wazi, neno ambalo hakuwahi kulisema katika miezi yote ile.

"Nimetoka."

Na sekunde zilizobaki zilikuwa za upepo tu.

Elinaja aliirudia, akairudia tena. Hakuweza kujua kama mama yule amekosea, au anamtania mtu aliye mbali, aliyemjibu hivyo hivyo miezi yote ile. Basi lilisimama, watu wakashuka, wengine wakapanda na baridi yao. Kioo kilikuwa kimefunikwa na mvuke wa pumzi za abiria. Akakipangusa kwa mkono wa koti, duara dogo la kutosha uso mmoja, akageuka kaskazini, upande wa Neasden, na kutazama juu.