Chanjo Kumi na Nne

Tangu amzike mama yake, mtaalamu wa kompyuta wa zahanati alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi akasahauliwa kitini. Alikula, alinyonyesha, alikwenda kazini. Hata matroni aliposema kuna chanjo kumi na nne zimepotea, hakushtuka.

"Friji imetoa mia tatu na kumi na mbili," matroni alisema. "Kompyuta inasema watoto mia mbili tisini na wanane. Zimeota mabawa?"

Mama Pacha, muuguzi wa dirisha la pili, alikuwa na barua ya kusimamishwa kazi mapajani.

"Sasa mimi nizipeleke wapi, matroni? Nikaungie mchuzi?"

Hakuna aliyecheka.

Programu ile ya kuhesabu watoto waliochanjwa aliiandika mtaalamu mwenyewe. Akaifungua: soma idadi, ongeza moja, andika. Hatua tatu. Alipoijaribu, kabla ya likizo ya uzazi, alikuwa peke yake, kidole kimoja, kitufe kimoja. Ilikubali kila mara. Kwamba madirisha ya chanjo ni mawili, kila moja na mashine yake, wala halikumpitia akilini.

"Mama Pacha, kaa kwenye mashine ile. Nikisema tatu, tubonyeze pamoja."

"Tumeanza michezo ya kitoto?"

"Bonyeza tu, mama."

Walianzia sifuri. Mara kumi na sita idadi ilipanda mbili mbili. Mara ya kumi na saba ikapanda moja.

"Wote tumesoma thelathini na mbili," alieleza, "kila mmoja kaandika thelathini na tatu. Mtoto mmoja kapotea hapo katikati."

Matroni aliikodolea macho skrini. "Aliyeandika kitu hiki nani?"

"Mimi."

Alingoja woga. Haukuja.

Matroni akaichukua barua mapajani mwa Mama Pacha, akaichana. "Basi nitaandika nyingine, yenye jina lako," akamwambia mtaalamu, akatoka.

Mtaalamu alizifunga zile hatua tatu kuwa moja: wa kwanza akiingia, wa pili asubiri mpaka atoke. Wakabonyeza tena, pamoja, mara mia. Mia mbili kamili.

"Tena," alisema Mama Pacha. Kisha akamtazama mtaalamu kifuani. "Mwanangu, blauzi imelowa. Maziwa hayo. Nenda kamnyonyeshe mtoto, hii naibonyeza na mwenzangu wa dirisha la kwanza."

Aliinamisha kichwa. Kweli imelowa. Akaweka kiganja pale, akakiacha.

Palikuwa na joto.