Tumbo Lililochelewa Kufika

Nyakerario alichinja jogoo, akachemsha mboga chungu za saga mpaka zikalainika, akasonga ugali wa wimbi. Moureen, bintiye aliyerudi jana yake kutoka Kanada, alimeza tonge moja tu, akasinzia mbele ya majirani waliokuja kumkaribisha.

"Kwani chakula cha mama kimekuwa sumu?" Nyakerario aliwaka.

"Si hivyo, mama. Ubongo una saa yake, na tumbo lina yake. Zinafuata mwanga na muda wa kula. Zangu bado zinadhani ni usiku wa Kanada."

"Ati wewe umeshuka ndege, tumbo likabaki huko?"

"Ndiyo hivyo."

Basi Nyakerario akaamua kwenda kulipokea mwenyewe. Kila asubuhi jua likichomoza alimvika Moureen kikapu mgongoni, akampeleka shambani kuchuma majani chai. Saa ya kula ikifika, alimwekea sahani, atake asitake. Akisinzia mchana, alimwamsha kwa nyimbo za kanisa, na sauti yenyewe ilikuwa mbaya kweli.

Adhuhuri moja, mawingu ya mvua yakikusanyika, tumbo la Moureen lilinguruma mpaka majirani waliokuwa wakichuma mstari wa pili wakageuka. Nyakerario akatupa majani aliyoshika, akapiga vigelegele vikavuka bonde.

"Mama Moureen, kuna nini?" wakamuuliza.

"Mgeni wangu amefika!" alijibu, akikimbilia jikoni. "Juzi mlipokuja kumkaribisha, mliona mizigo yake tu!"