Tiketi Zisizojuana

Mimi ni fundi saa, na kosa nililofanya siku ile asingelifanya mtu asiyejua saa. Mtu wa kawaida angeogopa. Mimi nilipiga hesabu, nikajisifu.

Kaka yangu alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari walisema ili kuutoa lazima waondoe na kile kinachotoa sauti. Operesheni ilipangwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo angeishi, lakini asingesema tena.

Mimi na yeye tulikuwa hatujasemezana miaka tisa. Baba yetu, naye fundi saa, alifariki bila kutamka sanduku lake la vifaa ni la nani, au ndivyo nilivyojua. Mimi ndiye niliyekuwa nafanya naye kazi dukani, nikalichukua. Kaka akakasirika, nami nikakasirika kwa kuwa amekasirika, na sisi ni baba mmoja mama mmoja hata kwa ukaidi. Miaka ikapita hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Ndipo shemeji, mke wa kaka, akanipigia simu. Akaniambia kaka ana neno anataka kuniambia kabla hawajamkata. Nikasema basi mpe simu. Akarudi akasema kaka hataki, neno lenyewe si la simu wala si la kurekodi, anataka kulitoa kwa mdomo wake nikiwa mbele yake.

Niliamini nalijua neno hilo. Anataka sanduku. Na mimi niliposikia habari ya koo lake, ukaidi wangu wote uliisha siku hiyohiyo. Nilikaa nikasafisha kila bisibisi na kila kibano, nikalipiga sanduku rangi upya, ili nimpe mwenyewe mkononi. Tena nilitaka aniite jina langu la utotoni. Yeye peke yake ndiye huniita Sekunde, kwa sababu nilikuwa mdogo na situlii. Baada ya Alhamisi hakuna mtu duniani ambaye angeniita hivyo.

Ndege ya moja kwa moja ilikuwa imejaa mpaka Jumamosi. Nikapata mbili za bei nafuu za Alhamisi yenyewe, za kampuni mbili tofauti: moja inanishusha katikati ya safari saa sita na dakika ishirini mchana, nyingine inaondoka hapohapo saa nane kamili na kunifikisha kwa kaka kabla ya saa tisa. Dada anayekata tiketi mtaani kwetu alizitazama, akatikisa kichwa. "Mzee, hizi tiketi hazijuani," alisema. "Ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakungoja wala haitakuulizia."

Nikamcheka. Nikamwambia saa moja na dakika arobaini ni muda wa kunywa chai vikombe viwili, na kwamba alikuwa akizungumza na mtu aliyelishwa na dakika miaka thelathini. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi nilijinyoa, nikajikata.

Sanduku halikuruhusiwa kuingia nalo ndani ya ndege, kwa ajili ya vile vyuma vyenye ncha. Likapelekwa chini na mizigo. Na kwa kuwa tiketi hazijuani, lisingehamishwa lenyewe kwenda ndege ya pili. Ilibidi nilipokee, nitoke nalo nje, nivuke kwenda jengo la pili, nilikabidhi upya kaunta kabla ya saa saba. Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye tiketi kwa herufi za kutafutia miwani, nami nasoma maandishi ya ndani ya saa ya mkononi kila siku.

Ndege ya kwanza ilitua saa sita na dakika thelathini na tano. Mpaka nafika kwenye mkanda wa mizigo ilikuwa saa saba kasoro kumi. Nikasimama. Mkanda ulikuwa unazunguka mtupu.

Nataka nieleweke hapa, maana hapa ndipo penyewe. Pasi ya ndege ya pili nilikuwa nayo tayari kwenye simu. Kaunta ni ya wenye mizigo tu. Asiye na mzigo angeweza kwenda moja kwa moja langoni, na lango lilikuwa wazi mpaka saa nane kasorobo. Kama ningeliacha sanduku likizunguka pale, ningefika kwa kaka. Hilo nililijua nikiwa nimesimama. Lakini nilijiambia nitakwendaje mikono mitupu kwa mtu niliyemchukulia chake miaka tisa?

Sanduku lilitokea saa saba na dakika nne. Nilikimbia nalo kifuani kama mtoto mgonjwa. Kaunta ilikuwa imefungwa. Dada aliyekuwa akikunja karatasi zake alinieleza kwa adabu kwamba mzigo haupokelewi tena, na kwamba kwa vyuma vile langoni wasingenipitisha. Nikamwambia basi nalitupa hapa. Akasema mzigo ulioachwa peke yake unaitiwa polisi, nami sitakwenda popote mpaka wamalize. Nikabishana naye. Nilimsema yeye, kampuni yake, na wazazi wa aliyetunga sheria hizo.

Katikati ya ubishi simu iliita. Nikaikata. Ikaita tena, nikaikata. Mara ya tatu nikaona ni namba ya shemeji, nikaikata nayo, maana ningemwambia nini? Nilitaka nimpigie nikiwa na jibu.

Nikaanza kulitafuta hilo jibu. Nilikwenda kaunta moja baada ya nyingine, nikaambiwa imejaa, nikaambiwa kesho, nikaambiwa nirudi baadaye. Kila nilipoinua simu niliona aibu, nikasema kaunta moja zaidi. Nilipompigia shemeji ilikuwa saa kumi na dakika tano.

"Wamemwingiza sasa hivi kumwandaa, shemeji," alisema. "Wameshamchoma sindano."

Kisha akaniambia kwamba zile simu tatu hazikuwa zake. Ni kaka mwenyewe aliyepiga. Alisema huyu amekwama njiani, nipe simu nimwambie hivyohivyo. Nilipokata mara ya tatu alirudisha simu, akasema labda bado ana hasira na mimi.

Nilikaa juu ya sanduku pale uwanjani nikalia, mtu mzima na mvi zangu, watu wakinipita na mabegi ya magurudumu.

Nilifika kesho yake alasiri. Kaka alikuwa ameketi kitandani, ana bomba shingoni, amekonda kuliko nilivyotarajia. Nikamwekea sanduku mapajani bila salamu, kwa maana salamu ingenishinda. Alilifungua. Akashika kibano cha baba, akakitazama muda mrefu, akakirudisha mahali pake. Kisha akalifunga na kulisukuma kwangu. Akamwashiria shemeji ampe daftari.

Aliandika polepole. Aliandika kwamba baba alimwambia yeye kabla hajafa: sanduku ni la mdogo wako. Aliona wivu, akanificha. Miaka tisa aliniacha nijione mwizi, na hilo ndilo neno alilotaka kulisema kwa mdomo wake.

Nililisoma mara mbili. Nikamwambia nimekusamehe, na sikusema uongo. Nikamwambia pia kwamba sikukata simu kwa hasira. Sijui kama aliamini.

Akanishika mkono na kufungua kinywa. Midomo yake ilitamka Sekunde, niliiona vizuri kabisa. Sikusikia kitu.